Haki ya Kitu Kikuukuu

Mtu akipata mtambo mkuukuu wa kahawa uliolala ghalani miaka mingi, akauchukua nyumbani kwake kwa nia ya kuufufua, aghalabu hudhani kwamba kazi iliyo mbele yake ni ya spana, siki na brashi. Kazi hiyo ipo, wala si ndogo. Lakini kabla ya skurubu ya kwanza kulegea, amekwisha ingia katika swali lisilofunguka kwa spana. Kitu kilichochakaa kina haki gani juu ya mtu anayetaka kukirudishia ujana wake? Kina haki ya kuachwa kilivyo, pamoja na makovu yake? Kina haki ya kurudishwa kama kilivyotoka mikononi mwa fundi wake wa kwanza? Au hakina haki hata moja, kwa kuwa shaba haina roho wala maumivu, na haki zote ni za watu?

Yamkini msomaji atatabasamu kuona jambo kubwa kama haki likitafutwa ndani ya chombo cha kahawa. Na atabasamu, lakini asiondoke. Maswali ya adili hayakai katika mahakama na vita peke yake. Hukaa zaidi mahali ambapo mtu yu peke yake, mlango umefungwa, hana msimamizi, wala hapana atakayejua alifanya nini. Mtu anayetengeneza mtambo mkuukuu nyumbani kwake yu mahali hapo hasa.

Mtambo unaokusudiwa hapa ni ule wa wenzo, na kwao ni Milano, Italia. Kabla yake ilikuwapo mitambo ya mvuke. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Torino alipewa hati ya uvumbuzi kwa mtambo wa namna hiyo. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akaomba yake, kwa mtambo uliotoa kahawa kikombe kimoja kimoja mbele ya mnywaji. Na haki ya Bezzera ikanunuliwa na Desiderio Pavoni, ambaye jina lake limebaki katika biashara hiyo mpaka leo. Mitambo hiyo ilisukuma maji kwa mvuke wa birika peke yake. Nguvu yake ilikuwa haba, na ili ipatikane ilibidi maji yachemke kupita kiasi, hata kahawa ikatoka upesi lakini imeungua.

Aliyeigeuza hali hiyo ni Achille Gaggia, mtu aliyekuwa na baa ya kahawa mjini humo. Mwaka 1947 alipata hati ya uvumbuzi kwa pistoni inayoendeshwa na wenzo pamoja na springi. Mhudumu aliuvuta wenzo chini, springi ikajibana, maji ya moto yakaingia juu ya unga wa kahawa; alipouachia, springi ilijinyosha ikayapitisha maji yale katika unga kwa nguvu ya kiasi cha mara 8 au 9 ya mkandamizo wa hewa. Juu ya kahawa likatokea povu la hudhurungi ambalo wanywaji hawakuwa wakilijua.

Mwaka 1961, ambao kwa watu wa Afrika Mashariki ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika, katika historia ya kahawa ya Italia ni mwaka wa mambo mawili yanayopingana. Kampuni ya Faema ilitoa mtambo wa E61, ambao ulimwachisha mhudumu kazi ya wenzo na kuikabidhi kwa pampu ya umeme. Na kampuni ya La Pavoni ikatoa Europiccola, mtambo mdogo wa nyumbani usio na pampu wala springi. Hivyo mkono wa binadamu ulipopumzishwa katika baa, uliitwa kazini jikoni. Birika la Europiccola hupokea maji yasiyotimia lita moja. Kinachosukuma pistoni yake ni mkono wa mnywaji mwenyewe: unga ukisagwa laini mno, wenzo hugoma, ukisagwa kwa chenga kubwa, wenzo huanguka kama mtu aliyeegemea mlango usiofungwa. Kosa la mkono huonekana kikombeni palepale. Ndiyo sababu watu huitafuta mitambo hii baada ya miaka 50 au 60, ijapokuwa dukani imejaa mingine inayofanya kila kitu kwa kubonyeza kitufe.

Basi achukuliwe mtu mmoja aliyepata Europiccola ya miaka ya mwanzo. Ameiweka juu ya meza, amekwisha tandaza gazeti chini yake. Anafungua. Ndani ya birika anakuta ukoko wa chokaa, mweupe, mgumu, umeganda juu ya koili ya moto kama matumbawe juu ya mwamba. Mipira inayozuia maji kupita kandoni mwa pistoni imekauka na kupasuka. Mafuta ya kulainisha yamegeuka utomvu mweusi. Waya wa umeme umevikwa kitambaa kilicholika, na hauna uzi wa tatu wa kupeleka umeme ardhini. Na chini ya kifuniko cha birika, mahali ambapo palipaswa kuwa na mpira wa kiwandani, anakuta pete iliyokatwa kwa mkono katika ngozi nene ya mkanda.

Pete hiyo si haba. Mtu asiyejulikana, katika nyumba isiyojulikana, alikosa mpira. Akachukua kisu na mkanda uliochakaa akakata pete, akaijaribu, akaipunguza ukingo, akaijaribu tena. Alama za kisu bado zimo. Itarudiwa baadaye.

Katika mambo haya yote mepesi kuliko mengine ni mipira. Fundi aliyeuunda mtambo alijua kwamba mpira hauishi. Alipouweka aliuweka ili uondolewe. Kuutoa mpira uliokufa na kutia mpya si kumkosea mtu. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Jahazi hupandishwa ufukoni, mbao zilizooza hubadilishwa, kalafati hupigwa upya, likapakwa sifa na deheni, likarudi majini. Na hapana nahodha aliyewahi kuambiwa kwamba amerudi na jahazi la mtu mwingine. Wanafalsafa wa Athene, kama alivyoandika Plutarch, walibishana juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja. Wengine walisema ni ileile, wengine walisema siyo. Pengine baharia angewasikiliza kwa adabu kisha akawauliza kama inavuja.

Lakini Thomas Hobbes, katika karne ya 17, aliliongeza swali hilo ukali ambao jibu la baharia haliumalizi. Alisema: je, kama mtu angaliziokota mbao zote kuukuu zilizotupwa, akaziunganisha kwa mpango wake wa kwanza, merikebu ya kweli ingalikuwa ipi? Hili si fumbo la darasani tu. Katika biashara ya mitambo mikuukuu hutendeka. Mtu hununua mitambo mitatu iliyokufa, akachukua birika la huu, wenzo wa ule, msingi wa mwingine, akapata mmoja unaofanya kazi. Hapana ubaya katika tendo hilo; huenda vyuma vitatu vilivyokuwa vikienda jalalani vimeokolewa kwa sehemu. Ubaya huanza anapobandika juu ya kitu hicho kibao chenye namba ya mtambo mmoja, akamwuzia mtu kwa jina la mtambo usioguswa tangu 1961. Mbao hazikusema uongo. Aliyesema ni mwuzaji. Kwa hiyo swali la kama kitu ni kilekile, ambalo wanafalsafa wamelifanya swali la kitu, aghalabu ni swali la ushahidi: nani anaambiwa nini juu ya kitu hicho?

Jambo zito zaidi liko juu ya ngozi ya mtambo. Birika la shaba limevikwa kromu, na kromu imechubuka. Imechubuka zaidi mahali ambapo mikono mingi ilipita. Katika ubao wa mpini wa mitambo kama hii rangi hufifia palipokaa kiganja, hata mtu aweza kukisia kama mwenyewe alikuwa na mkono mkubwa au mdogo. Je, haya yafutwe?

John Ruskin, Mwingereza aliyeandika juu ya majengo mwaka 1849, aliona kwamba kurudisha jengo katika hali yake ya kwanza ni uongo tangu mwanzo hata mwisho, kwa sababu mkono uliolijenga na wakati uliolizaa havirudi. Mfaransa Viollet-le-Duc, aliyetengeneza upya makanisa na ngome za kale za nchi yake, alishika njia nyingine kabisa: kwake kurudisha kitu ni kukifikisha katika ukamilifu, hata kama ukamilifu huo haukupata kuwapo siku yoyote. Katika jiko la mtu wa kahawa wote wawili wana wafuasi wao ijapokuwa hawakuyasikia majina yao. Mmoja hataki hata kupangusa vumbi. Mwingine hupeleka kila kipande kutiwa kromu mpya, akang'arisha, hata mtambo ukang'aa kuliko siku ulipotoka kiwandani, nao umekuwa kama mzee aliyepakwa hina ndevu zote mpaka nyusi.

Msimamo wa kwanza ni mwepesi kuushika kwa magofu na mgumu kuushika kwa chombo. Gofu hutazamwa, chombo hutumika. Mtambo wa kahawa ulioachwa na ukoko wake na mipira yake iliyopasuka kwa heshima ya miaka yake si mtambo tena, ni picha ya mtambo. Msimamo wa pili una kosa baya zaidi, kwa kuwa haukiri kwamba unaharibu. Kromu ya zamani ikisha kukwanguliwa hairudi. Tena wapo wanaopenda mng'ao hata wakaliacha birika katika asidi usiku kucha. Asubuhi ukoko umekwisha, ndiyo, lakini shaba ya manjano imegeuka rangi ya waridi, maana asidi imekula zinki iliyokuwamo na kuacha juu shaba nyekundu iliyodhoofika. Yule alitaka kuondoa uzee akaondoa mwili.

Mwalimu bora katika jambo hili ni Mwitalia pia. Cesare Brandi, aliyeongoza taasisi ya kutengeneza kazi za sanaa iliyoanzishwa Roma mwaka 1939, aliandika mwaka 1963 kwamba kazi ya mtengenezaji ni kukirudishia kitu umoja wake bila ya kughushi, na bila ya kufuta alama za safari yake katika wakati. Palipojazwa pajazwe hivi kwamba mtu akitazama kwa mbali asisumbuliwe, na akitazama kwa karibu asidanganywe. Yeye alikuwa akisema juu ya picha za kuchorwa. Kwa mtambo kanuni hiyo hudai nyongeza, kwa sababu picha haimchomi mtazamaji.

Hapa ndipo wapenzi wa mitambo hii hugombana, na pengine kwa haki. Europiccola za miaka ya mwanzo hazikuwa na kifaa cha kuukata moto wenyewe mvuke unapofika kiasi chake. Zilikuwa na swichi ya moto mkubwa na moto mdogo, na vali ya usalama ya kutoa mvuke ukizidi. Mengine yaliachiwa jicho na sikio la mwenye nyumba. Akisahau, maji yakakauka, koili huungua. Vali ikiziba kwa chokaa, birika lililofungwa na moto ulio chini yake haviwezi kukaa pamoja kwa amani. Baadhi ya watu husema: mtambo ndivyo ulivyo, na kuutia kifaa cha kukata moto ni kuutia ulimi usio wake. Anayetaka usalama anunue mpya.

Hoja hiyo ina heshima ndani yake, lakini imechanganya mambo mawili. Kumwamini fundi wa kwanza si kuyaabudu mapungufu ya siku zake. Fundi wa 1961 hakuuacha waya wa ardhini kwa kuwa aliona uzuri katika hatari. Aliuacha kwa kuwa nyumba nyingi na sheria za siku zile hazikuudai. Katika mitambo mingi ya mvuke ya zamani gasketi zilitengenezwa kwa asbesto. Hapana mwenye akili atakayeitafuta asbesto leo ili awe mwaminifu, maana vumbi lake limekwisha julikana linavyoyafanya mapafu.

Zaidi ya hayo, mwenye mtambo hanywi peke yake. Kama angalikunywa peke yake, mtu angaliweza kusema hatari ni yake, na amekwisha ipima. Lakini kahawa ni kinywaji cha mgeni. Mgeni anayeketi mezani, mkono wake karibu na birika linalonguruma, hakuulizwa kama anaupenda uasili kiasi hicho. Yeye ameona chombo kizuri kinachong'aa, akaamini kwamba aliyekifunga alikifunga vema. Mtoto wa nyumba anayenyosha mkono kugusa msingi wa chuma hajui kama waya ulio chini yake ni wa kitambaa au wa plastiki. Haki ya kitu kikuukuu, iwe kubwa namna gani, hukoma katika ngozi ya mtu asiyejua. Waya hubadilishwa. Vali hufunguliwa, husafishwa, hujaribiwa. Ikiwa haiaminiki, huwekwa mpya. Kifaa cha kukata moto chaweza kutiwa nje, katika waya, bila ya kutoboa birika hata tundu moja, na siku mtu akitaka aweza kukiondoa.

Haya yote husemwa kwa urahisi mchana. Ugumu huja usiku, kazi inapokaribia kwisha. Mtambo umefungwa tena, umejaribiwa kwa maji, nao unatoa tone moja chini ya koili kila baada ya dakika tano. Gasketi ya chini ilikuwa na ufa mdogo. Fundi wa nyumbani aliuona, akaupaka dawa ya kuzibia, akajiambia utashika. Kuifikia gasketi hiyo sasa ni kufungua kila kitu tangu mwanzo. Tone halionekani mtambo ukisimama juu ya msingi wake. Kesho yake wageni watakuja. Katika kazi ya baa msimamizi angekuja kukagua. Kiwandani ingekuwapo meza ya majaribio. Nyumbani hapana ila yeye na tone. Asidi, spana na makala ya Brandi haviwezi kumsaidia hapo, na pengine si mtu mmoja tu katika historia ya ufundi aliyezima taa akaenda kulala.

Wapo watakaosema kwamba hata akifungua, shughuli yote hii ni anasa ya watu walioshiba. Kahawa ya Kilimanjaro na ya Bukoba, kwa sehemu kubwa, huuzwa nje. Aliyeilima aghalabu hajui povu la hudhurungi ni nini. Na tazama, mtu wa mbali anatumia miezi mitatu ya jioni zake kukifufua chombo cha kunywea kahawa hiyo, hali angaliweza kununua kingine kwa siku moja. Lawama hii haina jibu kamili, wala haifai kutafutiwa jibu jepesi. Yaweza kusemwa tu kwamba kutupa si wema kuliko kutengeneza, na kwamba miezi ile mitatu haikuchukuliwa kwa mkulima. Imechukuliwa kwa uvivu. Lakini uchungu wa lawama unabaki, na mtu mwema hunywa kahawa yake pamoja nao.

Kuna kiburi kimoja, hata hivyo, ambacho lawama hiyo humfaa mtu kukiona. Afrika Mashariki kutengeneza kitu kikuukuu si burudani. Ni njia ya kuishi. Fundi wa kando ya barabara hufufua redio, baiskeli na pampu kwa vipande visivyo vyake, kwa kuwa vipande vyake havipo au havinunuliki. Kwenye vijiwe vya kahawa vya pwani dele la shaba hupita mkono hata mkono, mpini wake ukafungwa waya, na hapana anayeuliza kama waya ule ni wa asili. Mtengenezaji wa nyumbani mwenye vitabu na vipande vya kuagiza kutoka Milano huweza kuyatazama matengenezo ya namna hiyo kwa dharau, akayaita uharibifu. Huyatupa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Hurudisha mkono wa kiwanda na kufuta mkono wa mtu, kana kwamba kiwanda peke yake ndicho kilichokuwa na haki ya kuugusa mtambo.

Ndipo irudiwe ile pete ya ngozi. Haikutengenezwa Milano. Haimo katika mchoro wowote. Kwa kipimo cha kiwanda ni kosa. Kwa kipimo cha afya haifai kukaa juu ya maji ya kunywa, maana ngozi hunywa maji na kuoza. Ni lazima itoke, na mpira mpya uingie. Lakini bila ya pete hiyo mtambo ungalitupwa zamani, na leo pasingalikuwapo cha kurudisha. Fundi wa kwanza aliuzaa mtambo. Aliyekata ngozi aliuokoa. Ruskin angemwita nani? Viollet-le-Duc angemwona hata kidogo?

Mtu yule wa mezani, baada ya kufungua gasketi ya chini mara ya pili na kuiweka mpya, alijaza maji, akawasha, akangoja. Vali ilipiga mluzi mara moja, akaizima. Aliweka unga katika chujio, akaukandamiza, akaupandisha wenzo, akahesabu polepole mpaka kumi, akaushusha. Wenzo ulikuwa mzito, kisha ukakubali. Kikombe cha kwanza kilitoka kichungu, cha pili kikawa na povu. Mpini hakuutia rangi. Palipofifia kiganja cha mwingine palipokea chake, kikubwa kidogo kuliko cha kwanza. Waya wa kitambaa, mipira iliyopasuka na pete ya ngozi aliviweka katika kisanduku cha bati kilichokuwa cha biskuti, pamoja na karatasi iliyoandikwa kila kilichotolewa, kila kilichotiwa, na tarehe. Kisanduku kiko rafuni, nyuma ya mtambo. Siku mtambo utakapouzwa, kitauzwa pamoja nao.